Kesi ya Boonesborough, 1778: Daniel Boone alisaliti ngome au alivuta siku?

Katika majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 1778, majuma machache baada ya ngome ya Boonesborough kuponea chupuchupu, mtu aliyeianzisha, Daniel Boone, alisimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya wanamgambo katika ngome jirani ya Benjamin Logan, huko Kentucky. Walioshtaki walikuwa Logan mwenyewe na Kanali Richard Callaway, mkazi mwenzake Boone wa Boonesborough. Mashtaka yalikuwa manne, na yote yaliangukia neno moja zito, usaliti. Ilidaiwa kwamba Boone aliwatoa watu wake mikononi mwa Washawnee, taifa la wenyeji wa Amerika, bila kupigana. Kwamba akiwa mateka alikubaliana na Waingereza, waliokuwa vitani na makoloni ya Marekani, kuikabidhi ngome. Kwamba baada ya kurudi aliwavuta wanaume nje ya ngome wakati adui yu njiani. Na kwamba aliwatoa maofisa wote nje ya ukuta kwa kisingizio cha kutia saini mapatano. Boone hakukana vitendo hivyo. Alichopinga ni maana iliyokuwa ikivikwa juu yake.

Karatasi rasmi za kesi hiyo hazikusalia. Tunachokijua kinatoka hasa kwa Daniel Trabue, aliyekuwa kijana wakati huo na aliyeandika kumbukumbu zake mwaka 1827, karibu miaka hamsini baadaye. Hata hivyo mashtaka yenyewe yanaweza kupimwa, kwa sababu kila moja linahusu tukio ambalo tarehe na mazingira yake yanafahamika. Kipimo ninachokitumia hapa ni hali ya ukuta wa Boonesborough katika kila hatua, kwa maana karibu kila jambo alilolifanya Boone mwaka ule linaeleweka au halieleweki kutegemea ukuta ule ulikuwa umefika wapi.

Ukuta huo ulikuwa na historia ya kusikitisha. Boonesborough haikuanzishwa na jeshi. Ilianzishwa na kampuni ya kuuza ardhi. Richard Henderson, aliyekuwa jaji wa North Carolina, aliunda Kampuni ya Transylvania, na mwezi Machi 1775 akakutana na wazee wa Wacherokee, taifa jingine la wenyeji, huko Sycamore Shoals, kwenye Mto Watauga, akawapa bidhaa zilizothaminiwa kuwa pauni 10,000 ili kupata ekari zipatazo milioni 20 kati ya Mto Kentucky na Mto Cumberland. Tangazo la Mfalme wa Uingereza la mwaka 1763 lilikuwa limekataza mtu binafsi kununua ardhi kwa wenyeji, na magavana wa Virginia na North Carolina walitangaza waziwazi kwamba ununuzi huo si halali. Miongoni mwa Wacherokee wenyewe kiongozi Dragging Canoe aliupinga vikali. Washawnee, waliokuwa wakiwinda katika nyika hizo na ambao makazi yao yalikuwa kaskazini ya Mto Ohio, hawakushirikishwa kabisa.

Kabla hata ya mapatano kutiwa saini, Boone alikuwa ameshatangulia na watu thelathini hivi wenye mashoka kufyeka njia kupitia pengo la Cumberland, upenyo katikati ya milima. Tarehe 25 Machi walishambuliwa kambini alfajiri. William Twitty alijeruhiwa vibaya akafa, na mtumwa wake aliyeitwa Sam akafa papo hapo. Tarehe 1 Aprili walifika ukingoni mwa Mto Kentucky, mahali penye chemchemi na ardhi ya chumvi ambapo nyati walikuja kulamba, wakaanza kujenga. Henderson alipowasili tarehe 20 Aprili alichora mpango wa ngome ya mstatili, futi 260 kwa 180 hivi, yenye vibanda vya magogo vilivyopangwa ubavu kwa ubavu ili migongo yake iwe ukuta, nyumba ndefu zaidi katika pembe nne, na uzio wa magogo yaliyochongwa ncha kujaza nafasi zilizobaki.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Lakini watu waliokuja walikuja kwa ajili ya mashamba. Kila mmoja alitaka kuweka alama kwenye kiwanja chake, kupanda mahindi kidogo ili dai lake litambuliwe, kisha aende kuwinda. Kazi ya kusimamisha magogo ya uzio, ambayo haikumwongezea mtu hata ekari moja, ilisubiri. Henderson alilalamika katika shajara yake juu ya uzembe wa walinzi na juu ya nyama ya nyati iliyokuwa ikitupwa ovyo. Mkutano wa wajumbe uliofanyika Mei 1775 chini ya mti mkubwa ulipitisha sheria za mahakama, za wanamgambo, za kuzuia matusi na kuvunja Jumapili, na, kwa mapendekezo ya Boone mwenyewe, za kuhifadhi wanyama wa porini na kuboresha uzazi wa farasi. Watu walitunga sheria za farasi huku upande mmoja wa ngome ukiwa wazi. Hata baada ya tarehe 14 Julai 1776, Jemima binti wa Boone na mabinti wawili wa Callaway walipotekwa wakiwa kwenye mtumbwi karibu kabisa na ngome, wakaokolewa siku ya tatu, ukuta haukumalizika ipasavyo. Aprili 1777 ngome ilishambuliwa na Boone akavunjwa kifundo cha mguu kwa risasi. Simon Kenton ndiye aliyembeba hadi ndani.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja tukio la shtaka la kwanza. Mwezi Novemba 1777 Cornstalk, kiongozi mkubwa wa Washawnee aliyekuwa akitafuta amani, alizuiliwa katika ngome ya Fort Randolph alikokuwa amekwenda kwa nia njema, na huko wanamgambo wakamuua pamoja na mwanawe. Mauaji hayo yaliwageuza Washawnee wengi waliokuwa bado wanasitasita, na katikati ya baridi, wakati ambao kwa kawaida hawakupigana, Blackfish, mkuu wa kijiji cha Washawnee cha Chillicothe, aliongoza wapiganaji zaidi ya mia moja kuelekea Boonesborough kulipa kisasi.

Boonesborough nayo ilikuwa imeishiwa chumvi. Bila chumvi nyama ya mawindo isingehifadhika, na bila nyama watu wasingeuvuka msimu wa baridi. Mwezi Januari 1778 Boone aliongoza wanaume karibu thelathini kwenda kwenye chemchemi za Blue Licks kuchemsha maji ya chumvi. Maji yale yalikuwa na chumvi haba. Ilihitajika zaidi ya galoni 800 za maji ili kupata busheli moja ya chumvi, yaani chini kidogo ya lita 36. Kwa hiyo kazi ilichukua majuma, mioto ikiwaka usiku na mchana, na moshi ukionekana kutoka mbali.

Tarehe 7 Februari Boone, aliyekuwa akiwinda ili kuwalisha wachemshaji, alinaswa katika theluji. Alipofikishwa mbele ya Blackfish alijua mambo mawili: kwamba jeshi lile lilikuwa njiani kwenda Boonesborough, na kwamba ngome ilikuwa na upande usiozibwa na wanaume wachache tu ndani. Alimwambia Blackfish kwamba wachemshaji chumvi watajisalimisha ikiwa hawatauawa wala kuteswa, na kwamba wanawake na watoto wa ngomeni hawawezi kusafirishwa katika baridi ile. Hali ya hewa ikitulia, yeye mwenyewe atawaleta wote kwa hiari. Kesho yake aliwaendea watu wake wakiwa wamepumzika kambini, akawaambia waweke silaha chini, wakaziweka. Zaidi ya wanaume 25 wakawa mateka. Inasimuliwa kwamba Washawnee walijadiliana kwa saa kadhaa kama wawaue, na kwamba waliotaka waishi walishinda kwa kura mbili tu. Aliyemfasiria Boone mjadala huo alikuwa Pompey, mtu mweusi aliyeishi miongoni mwa Washawnee na aliyejua lugha zote mbili.

Je, huu ni usaliti? Callaway alikuwa na sababu ya kuuona hivyo, na sababu hiyo haikuwa ya siasa peke yake: wapwa zake wawili walikuwa miongoni mwa waliotolewa. Mtu ambaye ndugu zake wamepelekwa utumwani kwa neno la mtu mwingine hatulizwi kwa hesabu ya idadi ya waliopona. Lakini hesabu yenyewe inamwunga mkono Boone. Wachemshaji wangepigana wangeshindwa, kwa sababu walizidiwa kwa kiasi kikubwa na walikuwa wametawanyika kando ya mioto. Na baada ya hapo jeshi lingeendelea hadi Boonesborough, ambako wanaume hao hao ndio walikuwa walinzi wake. Blackfish alipata mateka wengi bila kupoteza mpiganaji, akarudi nyumbani kwa fahari, na ngome haikuguswa Februari ile. Ninachoshindwa kumsamehe Boone ni kitu cha nyuma zaidi. Alikuwa kiongozi wa mahali pale tangu siku ya kwanza, na ikiwa Februari 1778 ukuta ulikuwa bado wazi kiasi cha kumlazimisha auze uhuru wa watu wake, sehemu ya lawama ni yake.

Shtaka la pili linahusu Detroit, kituo cha Waingereza. Boone alipokelewa Chillicothe kama mwana wa Blackfish, akapewa jina Sheltowee, yaani Kobe Mkubwa. Baadhi ya mateka wenzake nao walifanywa ndugu katika familia za Washawnee. Wengine walipelekwa Detroit wakakabidhiwa kwa Waingereza kwa malipo. Boone alipofikishwa huko mbele ya Henry Hamilton, naibu gavana, Hamilton alitaka kumkomboa kwa pauni 100, na Blackfish akakataa. Boone alimwonyesha Hamilton hati ya uofisa aliyopewa na utawala wa Mfalme mwaka 1774, kabla ya vita vya uhuru, na akarudia ile ahadi kwamba watu wa Boonesborough watakuja kuishi chini ya himaya ya Uingereza. Mbele ya mateka wenzake alicheka na kuongea na maadui kama mtu aliye kwao. Andrew Johnson, mmoja wa mateka, alipotoroka alifikisha habari kwamba Boone amegeuka kuwa mtu wa Mfalme. Baadhi ya ndugu za mkewe Rebecca walijulikana kuwa na moyo wa kumtii Mfalme, kwa hiyo tuhuma ilikuta udongo wenye rutuba.

Hapa ushahidi wa vitendo ni bora kuliko ushahidi wa maneno. Tarehe 16 Juni 1778, baada ya kuona mamia ya wapiganaji wakikusanyika kwa safari ya Boonesborough, Boone alitoroka. Alikwenda maili 160 kwa siku nne, akila mlo mmoja tu njiani, akafika tarehe 20. Mtu aliyekwisha kuuza ngome asingekimbia hivyo ili kuionya. Boone hakumkuta Rebecca; mkewe alikuwa amemdhania kuwa amekufa, akawarudisha watoto North Carolina. Jemima peke yake ndiye aliyebaki, kwa kuwa alikuwa ameolewa na Flanders Callaway, mpwa mwingine wa kanali. Ndiyo kusema mshitaki na mshitakiwa walikuwa wakwe.

Ukuta Boone aliukuta katika hali mbaya ile ile. Kwa miezi minne na zaidi waliobaki, wakiwemo wakuu wa wanamgambo, walijua kwamba wenzao wametekwa na adui yuko karibu, na bado hawakuumaliza. Baada ya Boone kurudi, malango yaliimarishwa, pande zikazibwa na pembe zikaongezewa ulinzi, yote kwa siku kumi. Siku kumi, baada ya miaka mitatu ya kungoja! Jambo hili linamwumiza Boone kwa upande mmoja, maana linaonyesha kwamba kazi ilikuwa ndogo kuliko visingizio. Lakini linawaumiza zaidi wale waliomshtaki kwa kuhatarisha ngome ambayo wao wenyewe waliiacha wazi tangu Februari hadi Juni. Kisha Julai akafika William Hancock, mateka mwingine aliyetoroka, na habari kwamba kutoroka kwa Boone kumewafanya Washawnee waahirishe safari kwa majuma matatu. Bila kuahirishwa huko, malango yangekuwa bado hayajakazwa.

Shtaka la tatu ndilo ninaloliona gumu zaidi kulijibu kwa niaba yake. Mwishoni mwa Agosti Boone alichukua wanaume wapatao thelathini kuvuka Mto Ohio kushambulia kijiji cha Washawnee kwenye kijito cha Paint Creek, kwa hoja ya kupata habari za adui. Callaway alipinga waziwazi, na alikuwa na haki. Ngome iliyokuwa na bunduki zisizozidi sitini haitoi nusu ya bunduki hizo kwenda mwendo wa siku kadhaa wakati jeshi linatarajiwa. Baadhi yao waligeuka njiani. Waliobaki walipigana kidogo, wakagundua kwamba jeshi kubwa limeshaondoka kwenda Boonesborough, wakalazimika kulizunguka usiku na mchana ili kulitangulia. Walifika tarehe 6 Septemba. Adui alifika tarehe 7. Wangechelewa siku moja, kesi hii isingekuwepo, kwa kuwa pasingekuwa na mtu wa kushtaki wala wa kushtakiwa. Habari ile walipata, na ilikuwa na thamani, lakini skauti wawili au watatu wangeweza kuileta.

Blackfish alikuja na wapiganaji zaidi ya 400 pamoja na Wafaransa wa Kanada kumi na wawili hivi kutoka Detroit wakiongozwa na Dagneaux de Quindre. Alikuja pia na farasi wa kuwabeba wazee na wanawake, jambo linaloonyesha kwamba aliiamini ahadi ya Februari. Pompey aliita jina la Boone, na Boone akatoka kukutana na baba yake wa kupewa. Blackfish alilia kwa kutorokwa, akamkabidhi barua ya Hamilton, akauliza kama watu wako tayari. Boone alijibu kwamba sasa kuna wakuu wengine ngomeni na lazima ashauriane nao. Akaomba siku mbili. Ndani ya siku hizo walichota maji kutoka chemchemi iliyokuwa nje ya ukuta, wakaingiza mifugo, na wanawake wakavaa kofia za wanaume na kupita mbele ya malango ili adui aone jeshi kubwa. Blackfish aliamini kwamba ngome ina watu wengi, na macho yake yalimthibitishia uongo huo.

Tarehe 9 Septemba yalifanyika mazungumzo ya shtaka la nne, uwanjani mbele ya ukuta, mahali ambapo bunduki za ngomeni ziliweza kufika. Walikubaliana kwamba Mto Ohio uwe mpaka na kwamba wakazi watambue mamlaka ya Mfalme, jambo ambalo hakuna aliyekusudia kulitimiza. Kisha Washawnee wakasema desturi yao ni wanaume wawili kumshika mkono kila mzungu mmoja kama alama ya undugu. Mikono iliposhikwa ikageuka kuwa mapambano. Kila upande baadaye uliulaumu mwingine kwa kuanza. Maofisa walijinasua chini ya risasi za wenzao waliokuwa ukutani, wakakimbilia ndani. Squire Boone, mdogo wake Daniel, alipigwa risasi begani. Kutoka nje kulikuwa hatari, hilo halina ubishi. Lakini Callaway mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotoka na kuweka saini, na mtu aliyekaa mezani hawezi kulalamika kirahisi kwamba meza haikupaswa kuwekwa.

Baada ya hapo ngome ilizingirwa hadi tarehe 18. Adui alirusha mienge ya moto, akapiga risasi kutoka kilima cha ng'ambo ya mto, akachimba njia ya chini kwa chini kutoka ukingoni kuelekea ukutani. Waliokuwa ndani waliona maji ya mto yametibuka kwa udongo unaotupwa, wakaanza kuchimba handaki la kukabiliana nalo. Mvua kubwa ikanyesha, ikazima mienge, na handaki la adui likaporomoka. Ngomeni walikufa wawili na kujeruhiwa wanne. Mmoja wa waliokufa alikuwa London, mtumwa wa Nathaniel Henderson, ndugu wa Richard, aliyepewa bunduki kulinda ardhi ambayo hata kwenye karatasi za bwana wake asingepata kipande. Upande wa pili aliuawa Pompey. Mwingine aliyefaa sana ngome hiyo katika miaka ile alikuwa Monk Estill, mtumwa aliyejua kutengeneza baruti; alikuja kupewa uhuru baada ya mapigano ya mwaka 1782.

Mahakama ilimwachia huru Boone katika mashtaka yote, na hapo hapo akapandishwa cheo kuwa meja. Trabue anasema Callaway na Logan hawakuridhika. Kwa maoni yangu mahakama ilitoa hukumu sahihi juu ya neno usaliti, lakini cheo hakikuwa lazima. Shtaka la tatu, lingeitwa uzembe badala ya usaliti, lingesimama. Tatizo ni kwamba washitaki walitaka kosa kubwa wakakosa hata lile dogo, na mahakama ya watu waliokuwa hai kwa sababu ngome haikuanguka isingekuwa na hamu ya kutenganisha bahati na busara.

Novemba 1778, miezi miwili tu baada ya mzingiro, Bunge la Virginia lilitangaza kwamba ununuzi wa Henderson ni batili. Kampuni ilifidiwa ekari 200,000 mbali na hapo, karibu na Mto Green, na wakazi wa Boonesborough wakalazimika kuanza upya kutafuta hati chini ya sheria za Virginia. Boone alikwenda North Carolina kuichukua familia yake, na mwishoni mwa 1779 akahamia kituo chake kipya ng'ambo ya mto, akiwaacha Boonesborough wale ambao hawakumwamini tena. Mwaka huo huo Virginia iliutambua mji rasmi na kumpa Callaway haki ya kuendesha kivuko hapo. Machi 1780, akiwa nje ya ukuta akitengeneza mashua ya kivuko hicho, Callaway alishambuliwa na kundi la Washawnee akauawa. Wakati huo baadhi ya wachemshaji chumvi wa Blue Licks walikuwa bado hawajarudi.